Mafuta ya Alizeti na Maji ya Rangi: Kazi Iko Kwenye Bakuli

Maswali yanayonifikia kuhusu picha za mafuta na maji hayabadiliki. Ninunue kamera gani? Lenzi ya makro inauzwa wapi? Mbona zangu zina ukungu na za wenzangu zinang'aa? Leo nawajibu kwa pamoja, na jibu litawaudhi waliokwisha panga kukopa ili wanunue lenzi: picha hizi huharibika au hutengenezeka kwenye bakuli. Ukiliandaa bakuli vizuri, simu ya kawaida itakutosha kwa miezi kadhaa ya kujifunza. Ukiliandaa vibaya, kamera ya mamilioni itakuonyesha vumbi kwa ubora wa hali ya juu.

Nawaandikia hasa walioko Dodoma, Singida na maeneo jirani. Mafunzo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi zenye maji laini na hewa isiyo na vumbi jekundu. Ukiyafuata neno kwa neno hapa kwetu, utakwama.

## Kwa asiyejua tunazungumzia nini

Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, na ya maji gramu 1,000. Kwa hiyo mafuta huelea, na tone lake likitulia juu ya maji huwa duara lililovimba katikati. Tone hilo hupinda mwanga, likafanya kazi ya lenzi ndogo. Chini ya bakuli la kioo unaweka kitu cha rangi, unapiga picha kutoka juu kwa karibu sana, na unapata maduara yanayofanana na sayari.

"Sasa hii ni picha ya nini?" Utaulizwa, na baba yako atakuwa wa kwanza. Mjibu kwamba filamu ya Marekani iitwayo The Fountain, ya mwaka 2006, ilipotaka kuonyesha anga za mbali, ilitumia vimiminika vilivyopigwa picha kwa karibu na Mwingereza Peter Parks, badala ya kutegemea kompyuta peke yake.

## Vitu vya kuandaa

- Bakuli la kioo lenye kitako bapa, kisicho na nakshi wala maandishi. Bakuli la kuokea linafaa. La plastiki hujaa mikwaruzo, na mikwaruzo yote itaonekana.
- Mafuta ya kula, vijiko viwili.
- Maji safi ya kunywa.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa. Ni shilingi mia chache tu, na hakuna kifaa kingine kitakachokupa tone la ukubwa unaoutaka.
- Vijiti vya meno.
- Ndoo mbili za ukubwa mmoja, au vitabu, vya kuinulia bakuli.
- Kanga, kitenge, batiki au karatasi za rangi.
- Tochi au taa ya mezani.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi.

## Mafuta yapi?

Tuko katikati ya nchi ya alizeti. Singida na Dodoma ndiyo mikoa inayotajwa kwanza zao hili linapozungumziwa, na barabarani utakuta mafuta yaliyokamuliwa yamepangwa kwenye chupa na madumu. Mafuta hayo ni matamu kwa mboga, lakini kwa picha yana tabu moja: ni ya kukamua tu, hayajasafishwa. Yana mashapo, na asubuhi ya baridi huweza kufanya wingu ndani ya chupa. Chini ya lenzi, punje ya mashapo huonekana kama kokoto.

Ukiwa na hayo tu, usiyatupe. Yaache chupani bila kuyatikisa kwa siku kadhaa, kisha yavute ya juu taratibu kwa bomba la sindano. Rangi yake ya dhahabu ni nzuri, na kuna picha zinazoitaka. Ila kwa kuanza, nunua yaliyosafishwa. Yanapitisha mwanga vizuri zaidi na hayatakuchanganya.

Mafuta ya nazi watu huyapenda kwa sababu hayana rangi. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14. Utaamka ukute chupa nzima imekuwa nyeupe. Mwenzako wa Tanga shida hiyo haimsumbui sana.

Mawese ya Kigoma nayo huganda, lakini yana kazi yake. Chukua kidogo, yapashe moto yayeyuke, changanya matone machache kwenye kijiko cha alizeti. Utapata matone ya rangi ya chungwa ambayo rangi ya chakula haiwezi kukupa, kwa sababu rangi ya chakula huyeyuka kwenye maji na hukataa mafuta. Bizari ya manjano pia huingia kwenye mafuta: ichanganye, iache itulie, chuja kwa kitambaa. Vaa nguo ya zamani siku hiyo.

## Maji ya bomba na tabia zake

Maji ya mji wa Dodoma kwa kiasi kikubwa hutoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini, yana madini, na kila mwenye birika anaijua ile gaga nyeupe inayobaki ndani. Kwenye bakuli la kioo madini hayo huacha pete na madoa kila tone linapokauka, na sabuni ikikutana nayo inaweza kufanya utando mwembamba juu.

Tumia maji ya chupa, au ya mvua yaliyochujwa. Hata suuza ya mwisho ya bakuli iwe kwa maji hayo.

Kosa jingine ni kumimina maji na kuanza kazi papo hapo. Maji mapya yana hewa, na baada ya muda vijipovu hujishika kwenye kitako cha bakuli. Yachemshe, yaache yapoe kabisa, kisha yamimine taratibu kwa kuyapitisha ubavuni mwa bakuli. Kina cha sentimita mbili kinatosha.

## Rangi iwe wapi: ndani ya maji au chini ya bakuli?

Chagua moja. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaweka maji mekundu, chini kitenge cha buluu na njano, halafu wanashangaa picha imekuwa na rangi ya matope.

Ukitaka maji ya rangi, chini weka karatasi nyeupe iliyomulikwa, basi. Rangi ya maji iwe hafifu kuliko unavyodhani. Mwanga unapaswa kupita. Rangi ya chakula ya unga iyeyushe kwanza kwenye kikombe pembeni, la sivyo punje zisizoyeyuka zitazama na kuchora mistari.

Ukitaka kitambaa, maji yabaki meupe. Kanga na vitenge vina faida kubwa kwetu: michoro mikubwa, rangi zinazogombana. Kaa mbali na sehemu yenye jina la kanga, maana herufi nusu ndani ya tone huvuta jicho na kuua picha. Batiki, kwa maoni yangu, huzishinda zote mbili, kwa sababu rangi zake hufifia zenyewe kwa zenyewe bila mipaka mikali.

Kwa anayetaka kujaribu rangi za nyumbani, chemsha rozela kavu, chuja, gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja kiache kilivyo. Cha pili kamulia ndimu, wekundu utachangamka. Cha tatu weka chembe ya magadi ya kupikia: maji yatageuka zambarau, na ukiongeza yataelekea buluu yenye ukijani. Maganda ya zabibu nyekundu za hapa kwetu hubadilika kwa namna hiyo hiyo. Piga picha mara moja, kwani rangi iliyotiwa magadi haidumu, huishia kahawia.

## Namna ya kupanga na kuanza

1. Piga deki chumbani. Usifagie. Ukifagia, vumbi litakuwa hewani kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wako.
2. Osha bakuli, suuza, futa kwa kitambaa laini, kisha litazame kwa kuliinua kwenye mwanga.
3. Weka ndoo mbili zikiwa zimeachana, bakuli likae juu, kingo zake zikishikiliwa na ndoo na katikati pakiwa wazi. Bakuli likiwa dogo, tandika kioo safi cha dirisha juu ya ndoo kwanza.
4. Tandaza kitambaa au karatasi chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kitako cha bakuli. Umbali huu ni wa lazima. Kitambaa kikigusana na bakuli, nyuzi zake zitaonekana na mchezo utakuwa umeisha.
5. Mimina maji.
6. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni, kisha ichovye majini. Hicho ndicho kipimo. Koroga polepole bila kutoa povu.
7. Subiri maji yatulie kabisa.
8. Sasa mafuta, kwa bomba la sindano, ncha yake ikiwa karibu na uso wa maji. Weka matone makubwa mawili au matatu na madogo mengi.
9. Panga matone kwa kijiti. Kugawa tone kubwa, likate katikati kwa kijiti haraka.

Mtu ataniuliza sabuni ya nini. Bila sabuni, matone hukimbiliana na kuungana, na kabla hujarekebisha simu una ziwa moja kubwa la mafuta. Sabuni kidogo huyaacha yakae jirani bila kuungana haraka. Ikizidi, mafuta husambaratika kuwa vumbi la matone na maji huwa maziwa. Hapo hakuna dawa. Mwaga, osha, anza upya.

Ukichoka na mpango huo, ugeuze. Mimina tabaka nene la mafuta juu ya maji yasiyo na sabuni kwenye glasi ndefu, kisha dondosha maji ya rangi juu yake. Tone la maji litazama ndani ya mafuta likiwa duara kamili, litasita kwenye mpaka wa mafuta na maji, halafu litapasuka na kumwaga rangi chini kama moshi. Unapiga kutoka ubavuni, na kidole kiwe tayari kabla ya tone kufika mpakani.

## Vumbi na upepo

Adui wa kwanza wa kazi hii hapa nyanda za kati ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wetu hauna adabu, na bakuli lililo wazi karibu na dirisha hupata chembe nyekundu ndani ya dakika chache. Kompyuta inaweza kuzifuta baadaye, lakini jaribu kufuta chembe mia moja kwenye picha moja ndipo utajua kwa nini nasisitiza.

- Fanya kazi asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.
- Funga madirisha na zima feni. Feni hukusanya vumbi na pia hutikisa uso wa maji.
- Kila unaposubiri, funika bakuli kwa trei safi.
- Chembe ikiangukia mafuta, iguse kwa kona ya karatasi laini; itashikwa. Usiichokoe kwa kijiti, utaigawa.
- Miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, ndiyo msimu mzuri. Ardhi imelowa na hewa imesafika.

## Simu inatosha?

Inatosha, ukijua mipaka yake. Simu nyingi za bei ya chini zina kamera ndogo ya makro yenye megapikseli 2 tu. Iache. Tumia kamera kuu, kuza mara mbili, usogee hadi pale inapokataa kushika fokasi, kisha rudi nyuma kidogo. Lenzi za kubana juu ya simu husaidia, na hata kilenzi kidogo cha ndani ya deki mbovu ya DVD, kikibandikwa kwa gundi ya karatasi mbele ya kamera, huvuta karibu ajabu. Fundi wa redio mtaani kwenu anavyo tele.

Mambo ya kuzingatia kwa simu:

- Gusa ukingo wa tone kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Ukingo ukiwa mkali, tone zima hupendeza.
- Zima flashi. Kutoka juu itakupa doa jeupe tu.
- Weka kipima muda cha sekunde mbili, ili mguso wa kidole usitikise.
- Simu ikae sambamba na uso wa maji. Ikiinama, nusu ya picha itakuwa na ukungu. Hili ndilo jibu la wengi wanaoniuliza kuhusu ukungu.
- Ifunge vizuri. Simu inayoning'inia juu ya bakuli la mafuta hutaka kamba.

Mwenye kamera aanze na f/8, ISO 100 hadi 400, na kasi ya shata isiyopungua 1/160 ikiwa matone yanatembea. Fokasi iwe ya mkono. Ukivuta karibu kiasi cha kitu kuonekana kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, eneo linalokuwa kali kwa f/8 ni milimita moja au pungufu, ndiyo maana usambamba ni sheria. Kama huna lenzi ya makro, tafuta pete za kurefusha, au pete ya kugeuzia lenzi ya milimita 50 itazame kinyume. Za zamani, zenye pete ya f kwenye lenzi yenyewe, ndizo bora kwa kugeuza. Tahadhari moja: lenzi ikigeuzwa, kitako chake kinabaki wazi kwa vumbi. Na usibadilishe lenzi nje, Dodoma, mwezi wa Agosti. Tafadhali.

## Mwanga

Elekeza mwanga kwenye kitambaa au karatasi iliyo chini, usiuelekeze juu ya maji. Tochi ya kuchaji inatosha, na haina waya wa umeme karibu na maji. Dirisha lenye kivuli linafaa zaidi, kwani halikatiki na Tanesco hawahusiki.

Ukitumia balbu za LED za bei rahisi, huenda ukaona mistari myeusi inayokatiza picha. Si simu mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu hizo humeta mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya 1/50 au 1/100, mistari itatoweka. Ila kwa kasi hizo matone lazima yawe yametulia kabisa.

Jua la mchana usilitumie moja kwa moja. Kwanza linatoa vivuli vikali. Pili, bakuli la maji linaweza kukusanya miale ya jua na kuunguza kitambaa kilicho chini yake. Usiliache juani ukaenda kula.

## Ukishazoea: tone linalosimama katikati

Mwanasayansi wa Ubelgiji, Joseph Plateau, katika karne ya 19, aligundua kwamba ukichanganya maji na kileo hadi mchanganyiko uwe na uzito sawa na mafuta, tone la mafuta halitaelea wala kuzama. Litasimama katikati, mviringo kamili. Miaka mingi ya kazi hiyo alikuwa kipofu, akitegemea jamaa na wenzake wamwelezee wanachokiona.

Unaweza kurudia kwa spiriti ya duka la dawa. Weka maji kwenye glasi, usitie sabuni, ongeza spiriti kidogo kidogo na ujaribu kwa tone moja. Likiendelea kuelea, ongeza spiriti. Likizama, ongeza maji.

Lakini sikiliza kwa makini:

- Spiriti inawaka. Usiwe na mshumaa, kibatari wala jiko la mkaa au la gesi ndani ya chumba hicho.
- Fungua dirisha, hata kama vumbi litaingia.
- Ni sumu ikinywewa. Glasi uliyotumia ipewe alama na isirudi jikoni, na kama kuna watoto nyumbani, acha zoezi hili kabisa.

## "Unachezea chakula"

Pingamizi hili nalipokea kwa heshima, hasa kutoka kwa kina mama, wanaojua bei ya mafuta kuliko sisi. Kazi ya asubuhi nzima hula vijiko viwili. Mafuta yaliyoguswa na sabuni yasirudi chupani. Wala usiyamwage kwenye sinki, yataganda na takataka na kuziba bomba. Yafyonze kwa gazeti, tupa kwenye taka. Yale ya kikaango, yaliyokwisha kukaangia mihogo, yakichujwa vizuri hufaa kwa majaribio ya mwanzo, ingawa yatakuwa meusi kidogo.

Na kuhusu kuuza: picha ya megapikseli 12 huchapishwa vizuri kwa ukubwa wa A4, hata zaidi kidogo. Peleka tatu zilizo bora, si thelathini. Wenye mahoteli na ofisi wananunua kinachofanana na ukuta wao, kwa hiyo uliza rangi ya ukuta kabla ya kuchapisha.

Mnaponitumia picha ili niwaonyeshe mmekosea wapi, niandikieni mambo manne: mafuta gani, maji ya wapi, kitambaa kilikuwa sentimita ngapi chini ya bakuli, na mwanga ulitoka upande upi. Jina la simu si lazima.